Saa Moja Kati ya Hamsini

Bwana Mbwiliza alikuwa na saa arobaini za mkono na hakuwahi kufika popote kwa wakati. Kwa miaka sita alisaka saa moja ambayo kiwanda kilitengeneza hamsini tu, akaikuta kwa Sikitu, fundi saa wa sokoni, aliyeachiwa saa hiyo na marehemu mumewe. Mbwiliza aliiazima aitazame. Sikitu alipoifuata, akamng'akia: "Saa ipi? Yangu nimeinunua Ulaya!"

Siku alipowaalika wakubwa wa mji waje kuishangaa, Sikitu naye aliingia, mpole kama njiwa.

"Bwana mkubwa, sikuja kugombana. Nataka nione saa halisi ilivyo. Wengine huuziwa zilizokwisha kuchokolewa na mafundi uchwara wa sokoni."

Mbwiliza alicheka hadi tumbo likatikisika. "Hii haijafunguliwa na mtu tangu itoke kiwandani!"

"Hata mara moja?"

"Naapa mbele ya wageni wangu!"

"Basi niifungue, waone ndani inavyong'aa."

Sifa zilimlevya, akamkabidhi kwa mkono wake mwenyewe. Sikitu alibandua mfuniko kwa kisu kidogo, akawapa wageni wasome. Kwa desturi ya mafundi saa, kila alipoisafisha, mumewe alikwaruza ndani ya mfuniko jina lake na tarehe. Yalikuwamo mara tisa. La kumi lilikuwa la Sikitu, la mwezi uliopita.

Alirudishia mfuniko, akaivaa saa yake.

"Nimelitafuta jina lako, Bwana," alisema. "Halimo."