Birika Lililosabiliwa

Wamesimulia waja wema waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa Hadhramaut palikuwa na birika kubwa la maji ya mvua. Aliyelichimba, Sheikh Awadh, Mola amrehemu, alikwishafariki. Mwanawe Mubaraki akalizungushia ukuta na kutia mlango, na Liwali akatoa amri kwamba atakayeuruka ukuta ule atachapwa bakora ishirini. Kisha ukaja ukame, watu wakawa wanateka maji mwendo wa nusu siku.

Siku moja mchana, Bi Ruzuna, mwosha maiti, aliuruka ukuta akateka ndoo mbili. Mlinzi Faraji akamkamata na kumfikisha kwa Kadhi.

"Umeingia bila idhini?"

"Nimeingia, Sheikh. Amefariki msafiri hana jamaa, nikataka kumwosha."

"Ungemtayamamisha kwa mchanga."

"Tayamamu ni pale maji yanapokosekana, Sheikh. Haya nilikuwa nayaona."

Kadhi akaagiza Mubaraki aitwe. Kisha akamwambia Mubaraki, "Apa kwamba baba yako hakulisabilia birika hili, hakulitoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu ili kila mtu ateke. Ukiapa, huyu atachapwa."

Mubaraki alikuwa safarini birika lilipochimbwa, wala hakuwahi kusikia habari hiyo. Akaunyoosha mkono juu ya Msahafu bila wasiwasi.

Faraji alijua. Yeye ndiye aliyebeba mawe ya birika lile. Lakini alikuwa na watoto sita, na chakula chao kilitoka nyumbani kwa Mubaraki, basi miaka mitatu alilimeza neno lile. Sasa mama wa watu atapigwa, na bwana wake ataapa uongo asioujua. Moyo ukamuuma, uvumilivu ukamwisha.

"Usiape, bwana. Siku ya mvua ya kwanza nilikuwepo. Marehemu alisema mbele yangu, 'Nimelisabilia.'"

Mubaraki akauondoa mkono. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, bwana. Na mimi nilikuwa nakula kwako."

Mubaraki akakataa kuapa. Kadhi akasema, "Bi Ruzuna hana kosa. Kilichoingia pasipo idhini ni ukuta."

Mlango uling'olewa siku ile ile. Faraji ndiye aliyeanza kuung'oa, naye akijua fika kwamba pasipo mlango hapahitajiwi mlinzi.

Ndugu zangu, wengi wetu tunaijua haki ya jirani, nasi tumekaa kimya tunangoja tuulizwe. Mola atujaalie kusema kabla ya siku tutakayoulizwa na Yeye.