Fomu ya Mstari Mmoja

Hapo zamani, wala si zamani ile ya fisi kuvaa kanzu, ni hii ya juzi tu, simu zikiwepo na mtandao ukisuasua, palikuwa na mshauri nasaha wa kituo cha afya, jina lake Nyamizi. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Waliofiwa aliwasikiliza, waliogombana aliwasikiliza, waliofikwa na maji ya shingo aliwasikiliza. Chumba chake kilikuwa namba nne, na benchi la nje ya namba nne halikupata kuwa tupu.

Sasa oneni kioja. Sheria ya washauri wa nchi ile ilisema kila mshauri asome kila mwaka, hata kama kichwa chake chote ni mvi. Akisoma anapewa alama. Zikifika ishirini, leseni inaendelea. Zikipungua hata moja, leseni inasimama na mlango unafungwa. Nyamizi alikuwa na kumi na tano. Semina zilizobaki zote alialikwa, na kila alipochukua mkoba aende, alikuta benchi limejaa, akarudi kuketi. Alikosa kujifunza kusikiliza kwa sababu alikuwa anasikiliza. Wakubwa wakamwambia wazi kwamba namba nne ikifungwa itakuwa stoo ya vyandarua, na watu wa benchi waende hospitali ya wilaya, ambayo kwa miguu ni safari ya siku nzima. Nyamizi aliwajua watu wale mmoja mmoja. Alijua kwamba hawatakwenda.

Mwezi wa mwisho wa mwaka ikaja semina ya waliochelewa, siku tatu, katika chuo kimoja cha kilimo huko porini, wanafunzi wakiwa likizo. Waliochelewa walikuwa watatu. Wa kwanza Mzee Shigela, aliyebakiza miaka miwili astaafu. Semina zote za mwaka ule alihudhuria, ila daftari la mahudhurio la jioni lilimkuta amelala, likapita. Wa pili Bwana Pazi, afisa ustawi wa jamii, Mzaramo asiyejua kunyamaza, aliyetolewa nje ya semina mbili kwa kuchekesha watu. Wa tatu ndiye huyo Nyamizi wetu.

Lakini semina ni semina. Hata watu wakiwa watatu, uongozi sharti uchaguliwe. Pazi akawa mwenyekiti. Nyamizi, kwa mwandiko wake mzuri, akawa katibu. Mzee Shigela akawa mtunza muda, sijui nani alimpendekeza. Mwanachama wa kawaida hakubaki hata mmoja. Mwezeshaji wao, Bi Nakiete, akaandika kanuni kwenye bango kitita, wakapiga makofi ya kilo mbili, somo likaanza.

Siku ya kwanza walifundishwa kurudisha maneno. Mteja akinyamaza, mshauri arudie maneno yake ya mwisho, ili mteja ajue amesikika. Wakafanya mazoezi mpaka Pazi akawa anairudishia hata kengele. Siku ya pili walifundishwa kutunza siri ya mteja. Siku ya tatu ilikuwa ya vitendo, nayo ndiyo iliyobeba alama tano. Walitakiwa wavuke mto waende kijijini, kila mmoja apatanishe watu walio hai wenye ugomvi wa kweli. Mvua ikanyesha, mto ukajaa, daraja likaenda na maji.

Huku nyuma, jikoni kulikuwa na mambo yake. Wapishi wa chuo walikuwa mtu na mkewe, Bwana Ndaki na Bi Wande, na walikuwa hawasemezani. Mume alishika sukari, mke alishika chumvi. Chai ikaja haina sukari, wali ukaja hauna chumvi, maana kumwomba mwenzio ni kumsemesha. Mume alisonga ugali saa nne asubuhi, mke akaivisha mboga saa nane mchana, na washauri wale wakala ugali wakitazama mlango, kisha wakala mboga wakikumbuka ugali. Asubuhi ya siku ya tatu Bi Wande akatangaza kwamba anahamia kwa dada yake, upande huuhuu wa mto, na sufuria lake kubwa linaondoka naye. Bwana Ndaki aliposikia, akatupa mwiko, akaenda kukaa kwenye banda la trekta. Chakula kikakatika kabisa.

Bi Nakiete akautazama mto, akalitazama jiko. Akawaambia kwamba kesi hiyo hapo, wasihangaike na kijiji. Ila akawasomea sheria kutoka kwenye fomu: kesi moja, mshauri mmoja. Pa kuandika jina la mshauri palikuwa na mstari mmoja tu, na mstari wenyewe mfupi.

Nyamizi aliutazama mstari ule. Aliwaza benchi lake. Akawaza vyandarua.

Wa kwanza kuinuka alikuwa Mzee Shigela. Alimkuta Bi Wande kwenye ngazi za bwalo, nguo zimefungwa kwenye khanga. Akaketi kando yake, akamwomba aseme lolote lililo moyoni. Bi Wande akaanza. Akaeleza alivyoolewa, akaeleza alivyozaa, akaeleza mvua za mwaka ule na jua la mwaka uliofuata. Mzee Shigela akafumba macho. Bi Wande alikuwa hajawahi kuona mtu anayemsikiliza kwa utulivu namna ile, hamkatizi, haangalii simu, hata kope haichezi. Akasema hata yale ambayo hakupata kumwambia mama yake mzazi. Saa nzima alisema. Kisha akafika mwisho, akasema, "Akaniambia, leo ndiyo nimekula."

Kimya kilipoingia, Mzee Shigela akashtuka. Hakujua yuko wapi. Hakujua ni saa ngapi, naye ndiye mtunza muda. Lakini somo la siku ya kwanza lilikuwa limemwingia, akarudisha maneno pekee yaliyokuwa bado yanaelea sikioni.

"Leo ndiyo nimekula," akasema taratibu.

Bi Wande akaangua kilio. "Ndivyo alivyosema, baba. Kwenye harusi ya watu, mbele ya wifi zangu, akiwa na pilau ya mwanamke mwingine mkononi. Miaka kumi na tisa nampikia, kumbe mwenzangu alikuwa hajala." Akalia mpaka akatua. Alipomaliza akapangusa uso, akasema sasa roho imekuwa nyepesi, na kwamba ataliacha lile sufuria hata kwa muda. Halafu akaghairi, akasema hapana, sufuria ni lake.

Mzee Shigela akarudi ukumbini akiwa na siri ya mteja, na siri hiyo haikumaliza hata robo saa, maana Pazi alimuuliza tu, "Enhe?"

Wa pili kuinuka akawa Pazi. Alimkuta Bwana Ndaki kwenye banda la trekta, amenuna. Vitabu vinasema mshauri aanze kwa upole. Lakini Ndaki ni Mnyamwezi na Pazi ni Mzaramo, na hao ni watani tangu enzi za mababu. Utani hauna upole.

"Wewe Mnyamwezi," Pazi akasema kutoka mlangoni, "babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka huku mpaka kwetu pwani, miezi mitatu kwa miguu, hawakuguna. Wewe neno moja tu, samahani, limekushinda kulibeba kutoka hapa mpaka jikoni?"

Bwana Ndaki alitaka kukasirika akashindwa. Mtani hakasirikiwi. Akacheka, kicheko cha kwanza tangu harusi ile, akajibu kwamba babu zake walipofika pwani waliwakuta Wazaramo wamelala, na inavyoonekana mpaka leo hawajaamka. Wakatukanana vizuri sana, mpaka Pazi akaitaja ile pilau ya harusini. Mwisho Ndaki akakiri kwamba ulimi uliteleza. Kwenye harusi yule mwanamke aliyepika pilau alikuwa amemsimamia kichwani anangoja sifa, akasema la kusema. Tangu hapo alitaka kumwomba mkewe radhi, ila kila akijaribu, mke anamgeuzia kisogo. Akajifuta suruali, akaanza kujikongoja kwenda jikoni. Katikati ya njia akasimama. Miguu ilikuwa mizito, akataka kurudi bandani.

Na Nyamizi je? Ndugu zangu, niseme kweli, kusema uongo siwezi. Nyamizi alikuwa na njaa. Aliwaona wenzake wamewahi, mke amechukuliwa na mmoja na mume amechukuliwa na mwingine, yeye amebaki na bango kitita. Akaona amekwisha. Akaingia jikoni, akakuta kikombe kimoja cha mchele, akautia kwenye lile sufuria kubwa la watu themanini kwa kuwa ndilo pekee aliloliona, akawasha kuni nyingi, akaketi juu ya kinu. Akawakumbuka watu wa benchi, akajifunika uso na kulia. Wali ukaungua.

Moshi ule haukuwa wa kawaida. Bi Wande aliuona kutoka ngazini, akakimbia kuokoa sufuria lake. Bwana Ndaki aliuona kutoka njiani, akasahau miguu mizito, akakimbia kuokoa jiko. Mmoja akaingia mlango wa mbele, mwingine mlango wa nyuma, na kwa kuwa sufuria lile lina mikono miwili na mtu mmoja haliwezi, mke akashika huku, mume akashika huku, wakaliteremsha pamoja. Wakabaki wanatazamana.

Ndaki akatazama ndani. Akachota kidogo kwa kidole, akaonja wali wa Nyamizi, akautafuna muda mrefu.

"Mama Masele," akamwambia mkewe, "tangu nikuoe sijapata kujua njaa. Leo nimeijua. Nisamehe."

Bi Wande alijitahidi asicheke. Alijitahidi mpaka machozi yakamtoka. Kisha akafungua fundo la khanga, akatoa chumvi, akamkabidhi mumewe. Mume akatoa sukari mfukoni. Mchana ule ugali na mboga vilifika mezani kwa wakati mmoja, na Pazi kwa mara ya kwanza akakaa kimya, maana mdomo ulikuwa na kazi.

Walipokwisha kunawa, Bi Nakiete akaleta fomu. Hapo ndipo urafiki ulipoingia mchanga.

Mzee Shigela akasema alama ni zake. Mke hakuwa amemfungulia mtu moyo, akamfungulia yeye. "Kulala nililala," akasema, "lakini aliyetuliza moyo wake alitulia mbele yangu. Na nimebakiza miaka miwili. Msinitoe kazini mlango wa nyuma."

Pazi akasema alama ni zake. Mume hakuwa ameinuka, akainuka kwa ajili yake. "Siri ilivuja, sikatai, lakini ilivujia pazuri. Matusi ndiyo yaliyomwinua, na mkataba wangu unakwisha mwezi huu."

Ikabaki zamu ya Nyamizi. Uongo ulimjia mdomoni umekwisha kupangwa: kwamba alichoma wali makusudi, kwamba ni mbinu mpya ya kisasa. Nani angebisha? Akaliona benchi la namba nne. Akaona aibu.

"Nilikuwa nimepika changu," akasema. "Sikumkusudia mtu. Lakini mke alikuwa amelia na bado anaondoka. Mume alikuwa amecheka na bado anarudi bandani. Bila moshi wangu wasingekutana."

Bi Nakiete aliwasikiliza wote, kisha akafanya lile ambalo wawezeshaji hufanya wakizidiwa: akasema swali ni zuri, akalirudisha kwa washiriki. Akatia saini yake chini, akaacha mstari wa jina wazi, akaenda kufungasha. Ikabaki saini ya mteja. Wakamwita Bi Wande, naye akauliza hizo alama ni za nini. Wakamwambia ni za kusikiliza.

Bi Wande akawatazama mmoja mmoja. "Huyu alilala," akasema. "Nilimwona. Alikoroma kidogo nilipofika kwenye mwaka wa njaa, nikaendelea, maana nilishaanza. Huyu amemtukana mume wangu, na siri yangu sijui aliipata wapi. Na wewe, mwanangu, umeniunguzia sufuria. Siku tatu hizi mzee ameniambia anavyoogopa kustaafu, Pazi ameniambia anavyoogopa mkataba, na jana nilipokuwa naosha vyombo wewe uliniambia habari za benchi lako mpaka maji yakapoa. Sasa nani hapa alikuwa anasikiliza?"

Akatia saini palipoandikwa mteja. Ule mstari wa juu akautazama kidogo, akacheka, akaenda kusugua sufuria, mumewe nyuma yake na majivu.

Mzee Shigela akatazama dari. Pazi akatazama nje. Fomu ilikuwa mezani, na kwa kuwa katibu ndiye mwenye mwandiko, kalamu ilikuwa mkononi mwa Nyamizi.

Mimi sikuwepo, na aliyenihadithia aliniachia hapohapo, kalamu haijagusa karatasi. Basi niambieni ninyi mliokaa kimya muda wote huu, ingawa mmoja wenu nimemwona amefumba macho. Aliyelala akaaminiwa, aliyetukana akaeleweka, aliyeunguza akakutanisha, au yule mpishi aliyewasikiliza wote na hana leseni? Na msiniambie wote, maana mstari ni mmoja, na benchi la namba nne limejaa. Je, nani alistahili kuandikwa?