Puto la Vyandarua

Hapo zamani za kale, watoto wangu, siku zile wanyama walipokuwa wakifua, wakipika na kualikana chai, Kiboko alipata mjukuu. Binti yake alikuwa ameolewa ng'ambo ya bonde refu. Habari zilipofika, Kiboko aliuacha uji wake ukapoa.

"Nitaruka," alimwambia jirani yake Pimbi, mnyama mdogo wa mawe, asiyezidi paka. "Mimi na Nyati tumeshona puto. Tunalijaza moshi, linatuchukua kutoka ukingo wa genge, na kufumba na kufumbua nampakata mjukuu."

Pimbi akalitazama lile puto. Lilikuwa kubwa kama nyumba, limeshonwa kwa vyandarua kumi na viwili vya kulalia. Chini yake walifunga tenga la nyanya, na ndani ya tenga jiko la mkaa.

"Jirani, mbona kitambaa kina matundu?"

Nyati, aliyekuwa akikaza kamba za tenga, akacheka mpaka pembe zikatikisika. "Pimbi bwana. Mbu anapita hapo?"

"Hapiti."

"Basi kama mbu mwenye mabawa hapiti, moshi usio na hata miguu utapitaje?"

"Mmelijaribu?"

"Wanaojaribu ni waoga," akasema Nyati. "Kesho asubuhi tunaruka."

Pimbi alimpenda sana Kiboko. Kiboko ndiye aliyemchotea maji siku zote Pimbi alipojifungua. Alipolifikiria lile genge, alitamani kumkataza. Lakini wakubwa hawa aliwajua: ukiwaambia hapana, wao husikia ndiyo.

"Mimi siwakatazi," akasema taratibu. "Nasikitika tu kwamba kule ukingoni hakuna watu. Babu mzima anaruka, na hakuna wa kumpigia vigelegele?"

Kiboko akasita. "Hakuna kabisa?"

"Labda tai mmoja, naye hana adabu. Mngerukia hapa uani, kina mama wote wangewaona."

Asubuhi ua ulijaa. Kiboko alivaa kanzu nyeupe, akaketi ndani ya tenga na kupunga mkono. Nyati aliliinua puto kwa pembe, huku akipuliza jiko. Fuu, fuu. Moshi uliingia chini ukatokea juu, ukatokea pembeni, ukatokea kila mahali. Nyati akapiga chafya, tenga likapinduka, na puto zima likawaangukia, bwaa.

Pimbi alikuwa ameshika ndoo ya maji tangu alfajiri. Chwaa, akauzima moto.

Kiboko akachungulia katikati ya vyandarua, uso mweusi kwa masizi. "Pimbi. Kumbe ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanidanganya."

"Nilikudanganya, babu. Hapa umeanguka kutoka kimo cha kigoda. Kule ningekuokota wapi?"

Kiboko akajinasua kwenye vyandarua. "Puto la kweli lingechukua muda gani?"

"Tutafute kitambaa kizito. Tulirushe kwanza tupu, kisha na gunia la unga, kisha tusome upepo. Miezi mitatu."

"Na kwa miguu, kwa njia ya kivukoni?"

"Siku mbili."

Kiboko akanawa uso, akamwachia Nyati usafi wa ua, akashika njia. Siku ya pili jioni alimpakata mjukuu wake, na mtoto akamkamata pua asimwachie.

Basi, wanangu, jambo la hatari lipange na ulijaribu ukiwa chini, kabla hujapanda nalo juu.