Kura ya Mama Kwaya

Hapo zamani, si zile za wanyama kusema, hizi za juzi tu, watu wa Kwamrema kule milimani Upare walikuwa wakichagua mwenyekiti kwa miguu yao. Mgombea anasimama, wanaomtaka wanapanga mstari nyuma yake, mistari inahesabiwa, basi. Hakuna karatasi, hakuna kujificha. Ukimkataa shemeji yako, anakuona unavyomkataa.

Na mwenyekiti ndiye aliyegawa zamu za maji ya ndiva, lile bwawa la udongo linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi kumwagilia mashamba. Mkikosea kuchagua, tangawizi zenu zinanyauka mkizitazama.

Namsifu, mjane mwenye sauti ya kuamsha bonde zima, kiongozi wa kwaya, alikuwa ametangaza kila mahali, mtoni, sokoni, mpaka misibani: "Mimi nitachagua Kikristo. Siangalii ukoo, siangalii soda ya mtu." Wakamtania, "Mama Kwaya, kwani Mungu naye amejiandikisha kitongoji gani?" Akacheka kuliko wao.

Siku ikafika. Namsifu akachelewa, maana aliinjika makande ya wanakwaya na maharage yakagoma kuiva. Alipotokea uwanjani, mwiko bado mkononi, akakuta mistari mitatu imehesabiwa na kurudiwa, yote iko sawa. Amebaki yeye peke yake.

Weee! Vigelegele hivyo! Kila mstari ukaanza kumwita kwa wimbo wake. Wa kwanza tenzi, wa pili pambio, na wa tatu, uliokuwa na Waislamu na Walutheri bega kwa bega, ukachanganya kaswida na makofi ya kwaya. Namsifu akaziba masikio. "Mnaniharibia waimbaji! Nyamazeni, wagombea wenyewe waseme."

Akaanza Elieza, mzee wa kanisa. "Dada Namsifu, ni mimi niliyemwambia afisa wa wilaya kwamba Jumapili asubuhi ndiva isifunguliwe, watu waende ibadani. Alinicheka mbele za watu. Sikurudi nyuma. Umesema unachagua Kikristo. Ukimwacha aliyemkiri Bwana hadharani, utakuwa umechagua nini?"

Kweli, moyo wa Namsifu ukasema. Mguu ukataka kwenda.

Akasema Omari, jirani yake wa ng'ambo ya mfereji. "Jirani, mimi naswali msikitini, unajua. Lakini upepo ulipoezua kanisa lenu, nani alikuwa juu akipigilia bati? Ulipolazwa hospitali, nani alifungulia shamba lako maji kabla ya lake? Mnafundishana kumpenda jirani. Mimi nimempenda. Sasa dini yangu ndiyo initoe?"

Kweli kabisa, moyo ukasema. Mguu ukageuka.

Akasema Senyaeli, kijana wa mabega mapana. "Mama, mimi ndiye niliyekuibia maji. Tangawizi yako yote ilikauka. Sikukamatwa, nilikuja mwenyewe, nikakiri mbele ya usharika, nikakulimia mpaka wewe ukasema imetosha. Tangu hapo nalinda ndiva, na hakuna anayeiba, maana njia zote za wizi nazijua. Uliniambia umenisamehe kwa jina la Yesu. Msamaha huo ni wa kanisani tu, haufiki hapa uwanjani?"

Ee, na hilo nalo ni kweli! Namsifu akaona raha na taabu kwa pamoja: raha kwamba kijiji chake kina watu kama hawa, taabu kwamba ana miguu miwili na lazima iende mahali pamoja. Maji ya watu wote yalikuwa yanasubiri. Tena alikuwa amejitangaza. Akikosea, hatakuwa amelikosea shamba tu, atakuwa ameikosea imani yake.

Akafumba macho kidogo, akaomba. Alipofumbua akawauliza wagombea mmoja mmoja, "Kama wewe usingegombea leo, ungesimama nyuma ya nani?"

Elieza akakuna kidevu. "Omari. Kila mvua ikinyesha nikiwa chini ya lile paa, namwombea."

Omari hakusita. "Senyaeli. Mimi sijawahi kukiri kosa mbele ya umati. Sidhani kama ningeweza."

Senyaeli akainamisha kichwa. "Mzee Elieza. Siku ile nilipokiri, watu walitaka nifukuzwe. Yeye alinishika mkono akanikalisha karibu yake."

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Wazee wakapigana mabegani, akina mama wakashikana viuno. "Mama Kwaya," akalia msimamizi wa uchaguzi, "fundo umelifungua au umelikaza?"

"Nimelikaza, mwanangu!" akasema Namsifu, naye anafuta machozi ya kicheko. Kisha akajifunga khanga vizuri kiunoni na kuanza kutembea. Elieza akanyoosha mkono kumpokea, Omari akanyoosha, Senyaeli akanyoosha.

Haya, msinitazame mimi, sina kura Kwamrema. Yupo aliyemkiri Bwana na hakuona haya. Yupo aliyetenda yale Bwana aliyoagiza bila kulitaja jina lake. Yupo aliyeanguka, akasamehewa, akainuka. Mama wa watu yuko katikati ya uwanja, mguu uko hewani. Je, kura ya Mkristo, nani aliistahili?