Ahadi Mbili za Ndovu

Ngano hii aliisimulia kwanza nyanya yetu, Wakesho binti Mghanga, nyumbani kwake Werugha, mwezi wa Agosti mwaka 1977, adhuhuri, akichambua kunde. Redio ya mjomba Righa ilikuwa imetoka kusema kwamba taifa moja kubwa la mbali limezipa silaha nchi mbili jirani. Mjomba akauliza, "Sasa huyo mkubwa yuko upande gani?" Nyanya aliusogeza ungo kando. Akaanza, nasi tukaitikia.

"Natoka."

"Watoka wapi?"

"Natoka mwambani."

"Umeona nini?"

"Nimeona mdogo amekaa juu, mkubwa amejificha kichakani."

"Tupe na sisi tuone."

Basi. Palikuwa na mwamba, na chini ya mwamba palikuwa na udongo wa chumvi, ule ambao wanyama huulamba. Juu, katika ufa wa mwamba, aliishi Pimbi na watoto wake wanne. Mjomba alikuwa akisema walikuwa watatu. Nyanya alisema wanne, na ngano ni yake. Mashariki ya mwamba walikaa ngiri. Magharibi walikaa nyani.

Ngiri na nyani hawakupendana hata siku moja. Lakini ngiri waliwaangalia nyani, wakaona ni wengi. Nyani waliwaangalia ngiri, wakaona meno yao ni makali. Kwa hiyo waligawana siku. Asubuhi ngiri wanalamba. Alasiri nyani wanalamba. Adhuhuri udongo unapumzika. Walitukanana, lakini kwa mbali.

Siku moja akaja Ndovu kutoka ng'ambo ya mto. Ndi, ndi, ndi. Alilamba chumvi, akaipenda, akaona heri awe anailamba asubuhi na alasiri pia.

Asubuhi alimwambia Mzee Ngiri, mkubwa wa ngiri, "Nipe nafasi nilambe nanyi. Nyani akikugusa, niite. Nitakuja."

Alasiri alimwambia Mzee Nyani, mkubwa wa nyani, "Nipe nafasi nilambe nanyi. Ngiri akikugusa, niite. Nitakuja."

Wote wawili walimpa nafasi. Akawa analamba, lamba lamba lamba, asubuhi, na tena lamba lamba lamba, alasiri. Usiku anarudi kwake ng'ambo.

Tangu siku hiyo Mzee Ngiri hakuwahesabu nyani tena. Jua likifika utosini bado amepiga magoti pale pale, analamba.

"Saa yenu imekwisha, pua ndefu," anasema Mzee Nyani.

"Niguse uone," anasema Mzee Ngiri. "Nikiita, atakuja."

Na Mzee Nyani hakuyaangalia meno ya ngiri tena. Alfajiri na mapema ameshafika na wake zake na wajomba zake.

"Asubuhi ni yetu, kalio jekundu," anasema Mzee Ngiri.

"Niguse uone," anasema Mzee Nyani. "Nikiita, atakuja."

Niguse uone, niguse uone, mpaka mmoja akagusa. Nyani alirusha jiwe. Halikumpata ngiri. Liligonga mwamba, ko! likaruka, likaingia ufani, likamvunja mguu mtoto wa pili wa Pimbi.

Pimbi aliufunga mguu kwa gome la mti. Kisha akashuka. Akawakuta wazee wote wawili wamepanga kupigana baada ya siku tatu, pale pale chini ya mwamba, jua likiwa utosini.

"Wazee wangu," alisema Pimbi, "hapo mtakapopigana ni mlangoni kwangu. Nina watoto wanne, na mmoja hawezi kukimbia."

"Hama," alisema Mzee Ngiri.

"Asiye na mkia ana mzigo gani wa kuhamisha?" alisema Mzee Nyani, na wote wakacheka. Ilikuwa mara yao ya mwisho kucheka pamoja kwa muda.

Pimbi akamfuata Ndovu njiani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Ngiri wanasema umewaahidi. Nyani wanasema umewaahidi."

"Nimewaahidi wote. Ndiyo maana wote wananiheshimu."

"Wamepanga siku ya kupigana. Siku hiyo utampiga nani?"

"Siku ikifika nitaangalia."

"Na wakiumizana kabla hujaangalia?"

"Vita ni vyao," alisema Ndovu. "Mimi nalala ng'ambo."

Pimbi alitembea naye kidogo. Akaona Ndovu anakipita kivuko cha karibu, anakwenda kuvukia mbali, penye matope.

"Mbona unazunguka, mzee?"

Ndovu alishusha sauti. "Pale kivukoni anakaa mama mkwe."

Sasa, kwa ndovu, kama ilivyokuwa kwetu zamani, mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake. Akimwona, hugeuka na kuingia kichakani. Kama kichaka ni cha miiba, ni bahati yake mbaya.

"Ni heshima kubwa," alisema Pimbi, akaagana naye.

Kesho yake Pimbi alikwenda kivukoni. Alimkuta mama mkwe anatafuna matete bila hamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani anasema? Sioni mtu."

"Niko chini, karibu na ukucha wako. Mimi ni jamaa yenu wa mbali. Tazama, nina vipembe viwili mdomoni kama vyenu."

Mama mkwe aliinama, akatazama. "Hivi ni pembe au ni mabaki ya chakula?"

"Ni pembe, mama. Nimekuja kukuuliza kama chumvi anayolamba mkwe wako inakufikia."

Mama mkwe aliacha kutafuna. "Chumvi gani? Mkwe wangu ametuma mtu kuniambia chumvi imekwisha nchi nzima."

"Basi nimekosea mimi," alisema Pimbi. "Naona kile anacholamba asubuhi na alasiri ni udongo tu."

Mama mkwe hakuuliza neno jingine. Aliuliza njia.

Siku ya tatu, jua utosini, ngiri walitoka mashariki, nyani wakatoka magharibi. Katikati, juu ya udongo wa chumvi, alikuwa amesimama bibi mmoja mkubwa, masikio yamechanika pembeni, analamba taratibu. Hakumwangalia mtu. Wazee wawili walimzunguka kwa adabu, mmoja huku na mwingine huku.

Mzee Ngiri akaita, "Ndovu weee!"

Mzee Nyani akaita, "Ndovu weee!"

Wakasikia ndi, ndi, ndi. Vumbi likapanda. Kila mmoja akavimba kifua. Ndovu alikuja mbio, akafika kwenye kona ya mwamba, akaona mgongo anaoujua.

Akafunika uso kwa masikio. Akarudi kinyumenyume. Krr, krr, akaingia kwenye kichaka cha migunga.

"Ndovu weee!" waliita wote wawili.

Kichaka kikajibu kwa sauti ndogo, "Nimewasikia. Nimesikitika sana. Naziomba pande zote mbili zijizuie."

"Hutoki?" aliuliza Mzee Ngiri.

"Nafuatilia kwa karibu," kilijibu kichaka.

Mama mkwe analamba, lamba lamba. Mzee Ngiri aliwaangalia nyani, akaanza kuwahesabu. Alifika arobaini, akaacha. Mzee Nyani aliyaangalia meno ya ngiri, moja baada ya jingine.

Juu ya mwamba Pimbi alikuwa amekaa mbele ya ufa wake. Akasema, "Haya, wazee. Wa kuanza aanze."

Hakuna aliyeanza.

Mwishowe Mzee Ngiri alisema, "Jua limepita utosini, au ninaona vibaya?"

"Limepita," alisema Mzee Nyani.

"Basi ni zamu yenu karibu. Mimi nilikuwa napita tu."

"Na sisi tumewahi kidogo. Tutasubiri."

Asubuhi iliyofuata ngiri walilamba. Alasiri nyani walilamba. Adhuhuri alilamba mama mkwe, na hakuna aliyemuuliza.

Ndovu alikaa kichakani mpaka jioni, akachomoa miiba, akarudi ng'ambo. Huko aliwaambia wote kwamba vita vilikuwa tayari kuanza na yeye ndiye aliyevizuia. Walimchezea ngoma siku mbili. Pimbi alizisikia kutoka mwambani. Mguu wa mtoto ulipona, ukabaki umepinda.

Funzo lake nyanya alilisema hivi, bila kucheka: amani ya wadogo huletwa na ahadi za wakubwa, kwa hiyo mkubwa akikuahidi, mshukuru, mwamini, na usimuulize analala wapi.

Imeishia hapo. Aliyeishika aondoke nayo, aliyesinzia amuulize jirani.

Nyanya Wakesho alifariki mwaka 1989. Mjomba Righa alimfuata mwaka 2006, na redio yake iko kwangu, haisemi. Mama mkwe alikufa penye chumvi, amezeeka. Mzee Ngiri na Mzee Nyani wamekufa, na watoto wao wanalamba kwa zamu. Mtoto wa Pimbi mwenye mguu uliopinda yu hai. Ndovu naye yu hai, na ameanza tena kuahidi.