Paja la Chui Mstaafu

Paukwa!
Pakawa.
Palikuwa na nini?
Kiti.
Cha nani?
Cha aliyeondoka.
Na mkono wake?
Bado umo sahanini.

Basi hapo kale bonde la chemchemi lilitawaliwa na Simba wa ng'ambo ya mto, na Chui ndiye aliyekuwa Bwana Shauri wake, mwenye amri bondeni. Chui alikuwa na kanuni moja aliyoipenda kuliko wanawe: wazee waliombebea machela, kabla ya kupewa kipande chao cha chumvi, sharti waje wenyewe, wajipange juani, watazamwe kama bado wako hai.

Simba akachoka kutawala, akatangaza bonde lirudi kwa wenyewe. Chui akajibwaga mlangoni pa chemchemi, puu! Hatoki mpaka apate dhamana ya uzeeni. Watoto wa bonde wakawa wanalamba umande.

Wanyama wakamtuma Nguchiro akajadiliane. Alikuwa mdogo, na kiu ilimkereketa kama wenzake.

Chui akataka paja moja kila mwezi uandamapo. Nguchiro akakubali. Akataka liwe nono. Nguchiro akakubali. Akataka lisipunguzwe hata ukame ukija, na akifa ale mjane wake. Nguchiro akakubali, akakubali. Nyuma yake Swala alikuwa akijitazama miguu.

"Mjomba," akanong'ona, "paja la nani?"

"Nyamaza, mpwa wangu. Hata yeye hajauliza."

Kisha akamgeukia Chui. "Nasi tuna ombi dogo, Bwana Shauri. Ile kanuni yako ya wazee tunaomba tuirithi. Mwenye paja aje mwenyewe, tumwone kama yu hai."

Chui akacheka mpaka sharubu zikacheza. Akasema viumbe hawa, bila kanuni zake, wangepotea. Akatia alama ya ukucha, kwaru! Akaenda zake ng'ambo ya mto. Watoto wakaingia majini, chubwi, chubwi.

Mwezi ukaandama. Chui akavuka mto, chapa chapa, mamba wakimnyemelea. Akakuta foleni ya wale wabeba machela. Akataka kupita mbele. Wakamwonyesha mkia wa foleni ulipo. Jua likamchoma. Alipofika dirishani, Nguchiro akamwambia mkaguzi amekwenda msibani, aje kesho. Kesho yake mkaguzi yupo, muhuri haupo. Ikawa kuja na kurudi, chapa chapa, kuja na kurudi, mpaka Chui akabaki madoadoa tu.

Siku ya kutazamwa ikafika. Nguchiro akamzunguka, akamtazama mbele, akamtazama nyuma.

"Mzee wangu, Chui tuliyepatana naye alikuwa mnene. Wewe ni nani?"

"Ni mimi. Nimekonda kwa kuja hapa."

"Pole sana. Basi kamlete yule mnene akushuhudie."

Chui akarudi ng'ambo, hajaonekana tena. Swala ana miguu yake yote. Na wale wabeba machela? Mh. Bado wamejipanga juani. Nguchiro anasema kanuni nzuri haitupwi.

Funzo, watoto: ahadi ni deni, na serikali haipati usingizi mpaka imelipa.

Hadithi yangu imekoma. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, leteni malalamiko wenyewe. Lakini njooni kesho.