Kishungi na Watoto Wasio Wake

"Hadithi ipo mlangoni. Niifungulie?"
"Ifungulie, iingie."
"Imekuja kwa miguu?"
"Imekuja kwa mabawa."
"Na ikiwa ya uongo?"
"Ya kweli tunayo nyumbani."

Basi, palikuwa na kuku mdogo, mfupi wa miguu, jina lake Kishungi. Mwenye shamba, Mama Nyamizi, alimwekea mayai ya kanga ayaatamie, maana kanga wenyewe walikuwa wametaga kichakani wakaenda zao kupiga kelele.

Kishungi akakaa. Kuku wenzake wakatotoa, yeye amekaa. Wakatoka na watoto wao kuchakura, yeye amekaa.

"Shoga, unaatamia mawe?" wakamcheka.

Amekaa tu.

Mwishowe maganda yakalia ko, ko, ko. Wakatoka vifaranga wenye mistari kichwani na miguu myekundu, wana mbio, hawasikii la mtu. Kishungi akawapenda hivyo hivyo.

Sasa, kifaranga wa kanga akilowa umande, hufa. Kwa hiyo Kishungi alilala nao ndani ya tenga lililopinduliwa kifudifudi, upande mmoja umeinuliwa kwa kijiti. Hawatoki mpaka jua likaushe majani.

Siku moja, jua limeshawaka, akaja Kenge. Kwaru, kwaru, kwaru. Akammeza kifaranga mmoja, gudu. Kishungi akamrukia machoni. Kenge akamchapa mkia, pwaa, Kishungi akaangukia kwenye majivu.

"Bi Kishungi, unajiumiza bure," alisema Kenge. "Hawa si wako. Watazame miguu."

Kishungi alitaka kumrukia tena. Kisha akawatazama waliobaki, wamejibanza nyuma yake. Akakung'uta majivu.

"Kweli, si wangu," akasema. "Nimechoka nao. Wachukue wote."

"Wote?"

"Wote. Lakini mchana huu watatawanyika, utamkamata yupi? Njoo alfajiri, wamelala ndani ya tenga."

"Alfajiri nina baridi."

"Basi acha. Nitamwambia Nguchiro."

"Nani kasema siji?" Kenge akajibu.

Jioni Kishungi akawaita, kwe, kwe, kwe, akawaingiza jikoni kwa Mama Nyamizi, kando ya mafiga yenye joto. Yeye akarudi kulala juu ya tenga tupu.

Alfajiri Kenge akaja. Majani yalikuwa yameloa. Kwaru, kwaru. Baridi ikamwingia. Kwaru... kwa... ru. Kenge asipoota jua ni gogo, lakini tumbo lilimsukuma.

"Wako wapi?"

"Ndani kabisa, Bwana Kenge. Ingia, kuna pumba za joto."

Akaingiza kichwa. Akaingiza kifua. Akaingiza mkia wote. Kishungi akaruka chini, akapiga kijiti teke. Puu! Tenga likamfunika Kenge.

"Kishungi, fungua," akasema Kenge, ulimi mzito. Alijaribu kupiga mkia. Mkia ukasogea kidogo, ukalala.

"Sifungui."

"Ulisema si wako."

"Nilisema. Wewe ukaamini."

"Jua likitoka nitakumeza."

"Jua bado," alisema Kishungi, akapanda juu ya tenga akakaa, kama alivyokaa juu ya mayai. Akawika kama jogoo, ingawa kuku jike hawiki. Jikoni vifaranga wakaitikia, kre, kre, kre, mpaka Mama Nyamizi akatoka na mchi wa kinu.

Tu, tu, tu.

Hadithi imefika kwao, mimi nimebaki kwangu. Aliyesinzia atamuuliza jirani yake.

Na funzo lake, watoto wangu, ni hili: mtu asipoteze nguvu kulea watoto wasio wake. Ukibisha, kamuulize Kishungi. Atakuambia hivyo hivyo, ila usimsogelee sana, maana ameatamia tena mayai ya kanga, na anadonoa.